Sahihi Yangu, Mkono Si Wangu

Kwa uliyenikuta njiani leo, sogea, kaa karibu. Mimi ndiye yule fundi wa meno ya bandia. Miaka kumi na saba niliketi kwenye karakana ya kliniki moja, nikichonga nta, nikimimina plasta, nikiwarudishia watu vicheko walivyovipoteza. Wagonjwa walinibatiza Mama Meno. Halafu ikaja mashine ya kuchapa meno kwa kompyuta, na nyuma yake ikaja barua ya mistari mitatu: huduma zako hazihitajiki tena.

Wenzako nimekwisha kuwasimulia miezi niliyolala kitandani nikihesabu mbao za dari. Nimewasimulia nilivyojikokota hadi chuoni, mwanamke wa miaka arobaini na sita, nikakaa dawati moja na vijana walioniita Shangazi, nikashika kipanya cha kompyuta kwa woga kana kwamba kingeniuma. Mtihani wa kwanza nilianguka. Wa pili nikaanguka tena, safari hii kwa kishindo. Wa tatu nikashika namba mbili darasa zima.

Watu wawili ndio walionishika mkono. Wa kwanza ni mume wangu, karani wa mahakama, mtu wa maneno machache, ambaye kila asubuhi ya chuo alinipigia pasi nguo bila kuombwa. Wa pili ni mdogo wangu wa kike. Tumenyonya ziwa moja. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, nikamlea mimi. Alikuwa mapokezi kwenye kliniki ile ile iliyonitoa.

"Dada, usikate tamaa," aliniambia kila alipokuja. "Ila pale kliniki usikanyage. Daktari hataki hata kusikia jina lako."

Nikamsikiliza. Miezi kumi na minne sikupita hata mtaa ule.

Sasa sikia ya Jumanne.

Nilikuwa na usaili hospitali kubwa. Walitaka mtu mmoja wa kuongoza karakana yao mpya ya meno. Nilikuta wenzangu sita wamekaa kwenye benchi, wote wangeweza kuwa wanangu. Mmoja akanisalimia, "Shikamoo, Mama. Umemleta mgonjwa?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe."

Akainamia simu yake.

Ndani walikuwa watatu. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani iliyoning'inia puani. Daktari kijana wa meno. Na ofisa utumishi, mama mmoja mwenye faili mapajani na uso usiosema kitu.

Daktari kijana akanielekeza kwenye kompyuta. "Hizi picha za mdomo wa mgonjwa. Anahitaji meno manne ya juu. Tuonyeshe utakavyoyapanga."

Nikakaa. Nikazungusha ile picha, juu, chini, pembeni. Nikaondoa mkono kwenye kipanya.

"Sipangi."

"Huwezi?"

"Naweza, lakini nikipanga hapa yatamuumiza. Huyu alipoambiwa aume, hakuuma. Alisukuma taya mbele. Tazama meno yaliyobaki yalivyolika. Alama za juu na za chini hazikutani. Mrudisheni kwenye kiti, mwambieni ameze mate kwanza, halafu aume. Ndipo mpige picha tena."

Mzee akapandisha miwani. Daktari kijana akaanza kucheka.

"Wenzako wanne waliotangulia wameyapanga vizuri sana," alisema. "Kwenye taya lisilo mahali pake."

Sikudanganyi, kifua kilinijaa. Nilikumbuka zile siku nilizojiona kapi la muwa, limetafunwa, limetemwa. Kumbe miaka kumi na saba haikuwa imetemwa. Ilikuwa imo humu machoni, inangoja kompyuta tu.

Ndipo mama wa utumishi akafungua faili.

"Mama, umeeleza hapa kwamba ulipoteza kazi kwa sababu ya mashine."

"Ndiyo."

"Tuliomba taarifa zako kliniki ulikotoka. Daktari wako amekusifia sana. Lakini ametuletea na hii." Akavuta karatasi. "Alikupa nafasi ya kwenda kusomea mashine hii hii, miezi tisa, mji mwingine, halafu urudi uiongoze. Ukakataa."

"Mimi?"

"Kwa maandishi. Nisome?" Hakungoja. "'Nimetafakari na familia yangu. Sina nia ya kujifunza vitu vya watoto katika umri huu. Naomba nafasi hii apewe mwingine, nami niachwe nipumzike.'"

Akanigeuzia. Imepigwa chapa vizuri. Chini, sahihi yangu. Ule mkia wa herufi ya mwisho ninaourudisha nyuma na kuupigia mstari. Yangu kabisa.

"Sijawahi kuiona barua hii."

"Hii si sahihi yako?"

Hapo ndipo nilipojikwaa. Ningesema si yangu. Nikasema, "Inafanana na yangu. Lakini sikuitia mimi."

Wakatazamana. Unajua jinsi watu wanavyotazamana wakiwa wamekwisha kukuhukumu kwa adabu.

Mzee akasema taratibu, "Mama, kazi yako tumeiona. Hatuna shaka nayo. Lakini mtu wa kuongoza karakana ni lazima neno lake lisimame. Ama ulikataa na unatuficha, ama kuna mtu aliyeghushi. Tupe maelezo. Nitafanya uamuzi kesho asubuhi."

Nilitoka nikiwa sioni njia. Na nikuungamie jambo ambalo sijamwambia mtu: kwa mwendo wa kama robo saa, nilianza kuamini kwamba niliiandika. Nilijiambia, ulikuwa umechoka, pengine ulitia sahihi bila kusoma, pengine ndivyo ulivyo kweli, mwoga. Mtu akiambiwa kwa muda mrefu kwamba hafai, hata uongo juu yake unamkaa mwilini kama nguo aliyoshonewa.

Kisha nikasimama katikati ya barabara, pikipiki ikanipigia honi. Niliikumbuka tarehe iliyokuwa juu ya ile karatasi. Ile barua iliandikwa wiki mbili kabla sijafukuzwa. Wiki hizo nilikuwa mzima, nachonga meno ya bibi harusi mmoja, naimba kazini. Sikuwa nimechoka wala kushindwa. Hakuna aliyeniuliza lolote.

Nikageuza miguu. Nikaenda kliniki.

Mapokezi nilikuta sura ngeni, msichana mwenye kalamu sikioni. Nikamtajia jina la mdogo wangu, nikauliza yuko wapi.

"Yule wa karakana? Yuko ndani kwenye mashine."

"Wa mapokezi," nilimsahihisha.

"Mimi ndiye wa mapokezi, Mama. Nina mwaka sasa."

Kabla sijameza hilo, mlango wa daktari ukafunguka. Alisimama akanitazama kama mtu aliyeona mfu akibisha hodi.

"Mama Meno! Leo umenikumbuka?"

"Daktari, si wewe usiyetaka kusikia jina langu?"

"Mimi?" Alijishika kifua. "Mimi ndiye niliyekataliwa, mama. Nilikuandikia barua ya heshima. Nilikwambia uende ukasome, urudi uwe mkubwa wa karakana hii. Ukanijibu kwamba unataka kupumzika. Niliumia. Nikasema sawa, apumzike. Lakini pengo lako halijazibika."

"Barua yako ulimpa nani aniletee?"

"Nilimpa mdogo wako akupelekee nyumbani. Siku ile ulikuwa na ruhusa, mwanao anaumwa."

"Na jibu?"

"Alilileta yeye."

"Kwa nini hukuniita ukaniuliza kwa mdomo?"

"Na wewe ulipopata mistari yangu mitatu, kwa nini hukuja kunitukana?"

Kiburi chake na changu vilikuwa vimekaa pande mbili za ukuta mmoja, na mtu mmoja alikuwa akipita katikati akibeba maneno.

"Sasa mashine anaishika nani?" niliuliza, ingawa jibu nilikuwa nimeshalikanyaga pale mlangoni.

"Waliotuuzia walimfundisha wiki sita hapa hapa. Anajitahidi. Lakini kwa kila meno kumi, manne yanarudi." Akashusha sauti. "Jino la pembe si dawa ya pengo, mama. Nawe unalijua hilo kuliko mimi."

Sikungoja. Njia ya karakana naijua hata nikifumba macho.

Alikuwa amenipa mgongo, amevaa koti jeupe. Dirisha langu, meza yangu. Taa yangu ndogo yenye shingo ya kupinda bado ipo. Mashine inanguruma taratibu.

"Mapokezi pamebadilika," nilisema.

Aligeuka. Trei ya meno ilimponyoka ikasambaa sakafuni. Tukayatazama yale meno, na kwa mazoea tu, nikainama nikaanza kuyaokota. Miaka kumi na saba si mchezo. Hata siku ya kusalitiwa unaokota kwanza.

"Dada..."

"Mwaka mzima unakuja kwangu. Unakula kwangu. Unaniambia pole."

"Dada, ngoja nikueleze."

"Eleza."

Alianza kulia. Halafu machozi yakakatika ghafla, na nyuma yake kukatoka kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni mwake.

"Unajua walivyoniita hapa? Mdogo wa Mama Meno. Miaka minane, hakuna aliyejua jina langu. Nikifanya vizuri, wanasema ni dada yake kamfundisha. Nikikosea, wanasema hakumfuata dada yake."

"Nilikulea!"

"Na hukuacha kunikumbusha hata siku moja."

Lilinipata. Sitakuficha msomaji, lilinipata hasa, kwa sababu lilikuwa na chembe ya ukweli. Lakini mwizi akisema ukweli mmoja, haimaanishi mali ni yake.

"Ungeniambia," nilisema. "Ungesema, Dada, nami nataka kusoma. Ningekushika mkono. Wewe ukaona bora unizike, halafu uje kwenye matanga yangu kila wiki."

Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Barua niliiandika mimi. Hilo sikatai. Niliipiga chapa pale pale mapokezi."

"Na sahihi yangu ukaiiga."

"Hapana."

"Usinichezee."

"Dada, mimi mkono wangu unatetemeka hata nikiandika orodha ya sokoni. Ule mkia unaourudisha nyuma ningeuweza wapi? Kwa maisha ya wanangu, sikuitia mimi."

"Nani basi?"

Alitazama mlango, akatazama mashine, akatazama popote pasipokuwa usoni kwangu.

"Siku ile nilikuja kwako kweli. Barua nilikuwa nayo, nilikuwa nikupe. Ulikuwa umetoka na mtoto. Nikamkuta shemeji."

Meno niliyookota yalikuwa bado kiganjani mwangu.

"Akaifungua?"

"Akaisoma mara mbili. Akasema, miezi tisa, mji mwingine, akirudi atakuwa mkubwa, hatanitazama tena. Mimi nikasema nafasi hiyo ningeipata mimi ningeshukuru. Tukatazamana, Dada. Hakuna aliyesema tufanye. Nilikwenda kuandika, jioni nikairudisha, akaitia sahihi palepale mezani kwenu. Hata hakuijaribu kwanza. Alikuwa anaijua kama yake."

Nikaweka meno niliyookota juu ya meza, moja moja. Nikaondoka.

Mlangoni daktari alinikimbilia. Alikuwa amesikia, kuta za karakana ile ni za mbao. "Nitawaandikia hospitali leo leo kwamba sahihi ni ya kughushi. Lakini wataniuliza ni ya nani, nami uongo sitasema. Kwa hiyo niambie wewe, mama. Niandike?"

"Nipe hadi jioni," nilisema.

Maana nilikuwa nimeshaona kilichokuwa mbele yangu. Mume wangu ni karani wa mahakama. Kazi yake ni kupokea nyaraka, kulinganisha sahihi, kugonga mhuri. Wiki ijayo alikuwa anapandishwa cheo kuwa karani mkuu. Karani aliyeghushi sahihi hapandishwi cheo. Hukaa upande wa pili wa ile meza, na karani mwingine humwandikia jalada.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Watoto walikuwa uani wanagombania kamba ya kuruka. Yeye alikuwa sebuleni. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kumpigia, nilijua kwa jinsi alivyokaa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti.

"Karibu, Mama watoto."

"Nikaribie wapi? Hapa napafahamu?"

Nikakaa mbele yake. Sikupiga kelele. Nilijishangaa.

"Nakuuliza swali moja, Baba watoto. Ile miezi niliyolala nikitazama dari, ukiniletea chai, ukiniambia ni mipango ya Mungu. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Nilipokuuliza, mume wangu, kwani nina kasoro gani, ukanishika kichwa ukasema huna kasoro. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ulilala?"

Aliyatazama magoti yake.

"Nauliza, ulilala?"

"Niliogopa," alisema. "Niliogopa ungerudi ukiwa mtu mwingine."

"Sasa nimekuwa mtu mwingine hata bila kusafiri. Ulipata faida gani?"

Alifunika uso. "Uliposema unakwenda chuo, nilishukuru Mungu. Kila asubuhi nilipokupigia pasi nilisema, hii inapunguza dhambi, hii inapunguza."

Kumbe zile nguo. Kumbe kila mkunjo ulionyooshwa ulikuwa kafara, nami nikivaa nikijiona mke anayependwa. Hilo ndilo lililonikata. Barua ilinichukulia kazi tu. Hili lilirudi nyuma likachukua na zile asubuhi nilizokuwa nimezihifadhi kama akiba ya moyo.

"Wanataka maelezo kabla ya kesho," nilimwambia. "Nisipoyatoa, mimi ndiye mwongo. Nikiyatoa..."

"Nikitajwa, nimekwisha. Huenda nikalala ndani. Fikiria watoto."

"Uliwafikiria ulipotia sahihi?"

"Mama watoto, nakuomba. Kazi nyingine utapata. Wewe una mikono. Wewe umeanguka mara ngapi ukainuka? Mimi sijawahi kuanguka. Mimi nikianguka sitainuka."

Angalia maneno ya binadamu. Nguvu niliyoipata kwa machozi, ndiyo hiyo hiyo aliyoigeuza kuwa sababu ya kunikanyaga tena. Kwamba kwa kuwa najua kuinuka, basi niangushwe mimi.

Zamani ningekubali. Nakwambia kweli, mwaka juzi ningesema haya, nitatafuta kwingine. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimewaambia watu watatu wenye elimu zao kwamba taya lao haliko mahali pake, na nilikuwa sahihi. Mtu akishausikia mdomo wake ukisema kweli mara moja, ni vigumu kuufunga.

"Baba watoto," nilisema, "nitainuka, ndiyo. Lakini safari hii sitaanguka kwa niaba yako."

Akanyanyua kichwa. Ndipo simu yangu ikalia.

Alikuwa yule mama wa utumishi. "Samahani kwa usumbufu. Mwenyekiti amepata safari ya ghafla, anaondoka sasa hivi. Faili lako liko mbele yake. Anasema kama una la kueleza kuhusu ile barua, ni sasa. Kama huna, tunamchukua wa namba mbili."

Nikabonyeza kipaza sauti. Nikaiweka simu mezani, katikati yetu.

"Mama? Upo? Swali ni moja tu. Nani alitia ile sahihi?"

Uani watoto walikuwa wanahesabu kuruka kwao, thelathini na moja, thelathini na mbili. Mume wangu alinitazama. Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa.

Yeye akanitangulia.

"Mimi ni mume wake," alisema, kwa sauti ile kavu anayoitumia kusoma majalada mahakamani. "Ile sahihi naifahamu. Nilikuwepo ilipotiwa." Sikujua kama anakiri, au ananisingizia mimi.